Aliyewahi Maumivu

Mwenye masikio na ayasogeze, na mwenye kiti akikalie hicho hicho alicho nacho, asikinyooshee kidole cha jirani. Sababu itajulikana mbele.

Bi Zuwena binti Fumo, mshona nguo wa miaka sitini na saba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi wa cherehani, alikwenda nchi ya Wahini kumchukua dada yake. Namna alivyokwenda haina faida kwa mtu. Alipanda, akashuka, miguu ikavimba, akafika. Huyo dada mtu, Bi Somoe, aliolewa huko miaka arobaini nyuma. Mume alishafariki, mtoto hawakujaliwa, na sasa ameteleza uani akaumia nyonga. Ujumbe aliotuma ulikuwa mfupi: "Njoo unichukue kabla hawajanimaliza." Bi Zuwena alidhani dada anawasema waganga.

Langoni alipokelewa vizuri mno. Hata mzigo hajautua, mwanamke mmoja mnene akamnyooshea kidole na kupaza sauti, "Nimewahi kivuli chake!"

Bi Zuwena alifikiri ndiyo salamu ya kwao. Akaitikia, "Marahaba, mwanangu."

Watu wakaangua kicheko. Yule mwanamke akaja akasimama nyuma yake, ndani ya kivuli, akaanza kujifutafuta jasho kama mtu aliyeingia nyumbani kwake. Bi Zuwena akienda, naye anakwenda. Akisimama, anasimama.

"We mama, una nini na mgongo wangu?"

"Mgongo sina haja nao, bibi. Mimi changu kivuli tu. Jitahidi usijikunje, kinapungua."

Hapo akatokea bwana mmoja mwembamba, kalamu sikioni, kitabu kinene kifuani kama mtu aliyebeba mtoto wa watu. Akajitambulisha: Karani Makombo, mwandishi wa vilivyowahiwa.

"Makombo ndiyo jina lako, au wamekutania?"

"Ndilo, mama. Majina mazuri yote yaliwahiwa zamani. Mimi wa kumi na moja kwetu. Anayenifuata anaitwa Basi."

Karani akamweleza sheria ya nchi, taratibu, kama mtu anayemweleza mgeni choo kiko wapi. Wahini, kila kitu ni cha aliyekitamka kwanza. Unanyoosha kidole, unasema "nimewahi" kwa sauti, wanasikia watu wawili wasiokula chungu kimoja nawe, basi, kimekuwa chako. Mdomo uwe mtupu. Ukitamka na tonge mdomoni haihesabiki, maana zamani watu walikuwa wanawahi chakula huku wanakila, ikaonekana ni ulafi.

"Na kama kitu kina mwenyewe?" akauliza Bi Zuwena.

"Mwenyewe ndiye nani?"

"Si huyo anayekitumia!"

"Aa, huyo tunamwita mtumiaji," akasema Karani Makombo, kwa adabu. "Mtumiaji tunamheshimu sana, mama. Tunamsubiri amalize."

Bi Zuwena akashika mdomo.

Walipita mjini akitazama kulia na kushoto, na kila alichokiona kilimkausha mate. Palikuwa na mti wa mkungu umetanda majani hata uwanja mzima ukapoa, na watu mia wamesimama juani kuuzunguka, wanaungua. Chini ya mti hapana hata kuku. Kivuli kile, akaambiwa, kiliwahiwa na bwana mmoja anayeishi siku tatu kutoka pale, ambaye hajawahi kukikanyaga, lakini huwa anauliza habari zake. Kwenye zahanati, viti ishirini vitupu, kila kimoja kimewekewa leso, na wagonjwa wamejipanga ukutani wameshikilia matumbo. Leso nyingine zilikuwa zimepauka hata rangi haijulikani. "Hizo ni za marehemu," akasema Karani. "Warithi wao hawajakubaliana." Kuku alipita barabarani amefungwa utepe mwekundu pajani, wa kijani bawani, na uzi mweupe umemzunguka tumbo. Ule mweupe ulikuwa wa firigisi. Ya mjomba wa mtu, tangu yai.

Kwenye baraza ya msikiti wazee walikuwa wanabishana hata ndevu zinarukiwa na mate. Nchi ile ina vyama viwili, Chama cha Mdomo na Chama cha Kidole. Wa Mdomo wanasema kinachompa mtu haki ni tamko. Wa Kidole wanasema tamko ni upepo, haki iko nchani mwa kidole. Wamepigana miaka thelathini. Siku hiyo hoja ilikuwa juu ya mtu aliyetamka huku kidole chake kinaelekea kwingine kwa sababu ya kuumwa na siafu. Yule mtu mwenyewe alikufa zamani. Siafu pia.

"Na kile kisima pale mbona kimeota nyasi?" akauliza Bi Zuwena.

"Kisima kimewahiwa. Kamba imewahiwa. Ndoo imewahiwa, na mtu mwingine."

"Na kuteka maji?"

Karani akafungua kitabu, akapekua, akakifunga. "Kuteka bado hajatokea mtu."

Nyumba ya Bi Somoe ilikuwa na watu mlangoni, na Bi Zuwena akajua amechelewa, maiti iko ndani. Akaingia na kilio tayari kooni. Akakuta dada yake hai, macho makavu, amelala kitandani, na chumba kimejaa watu waliotulia kama wanaosubiri chai. Wanne wameshika kila mmoja mguu wa kitanda. Mmoja ameshika chandarua. Kijana mwenye heshima sana amepenyeza mkono chini ya kichwa cha mgonjwa, ameshikilia ncha ya mto.

"Shikamoo, bibi," wakasema wote kwa pamoja. "Tunasubiri tu."

Kichwani pa kitanda alikaa bwana mmoja nadhifu, kanzu imepigwa pasi, kitambaa cha kufutia machozi kimekunjwa vizuri juu ya goti. Huyu ni Bwana Chande, jirani. Alikuwa amemuwahi mgonjwa mwenyewe, mzima mzima, kuanzia unyayo hadi utosi, asubuhi ile ile aliyoanguka, kabla hata hajafika chini vizuri.

Na sasa ndipo pale Bi Zuwena alipokosea, kosa ambalo angelitoa meno yake yaliyobaki ili lifutike. Alikuwa anageuka kumsalimu dada yake. Jicho likapita dirishani. Dirishani palikuwa na dele la kahawa, la shaba, mdomo mrefu, lina kovu ubavuni pale walipoliangusha wawili wao wakiligombania wakiwa watoto. Dele la mama yao. Mama alimpa Somoe siku ya harusi, na Zuwena alikaa miaka arobaini akisema si kitu, dele tu, nani ana haja ya dele. Kidole kikanyooka chenyewe. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Nimewahi!"

Chumba kizima kikashangilia. "Mgeni kaelewa upesi!" Karani Makombo, hapo hapo, akaandika.

Bi Zuwena alisimama na kidole bado hewani, kama kidole cha mtu mwingine alichoazimwa. Bi Somoe alimtazama. Akageuza uso ukutani polepole, kadiri nyonga ilivyomruhusu.

"Dada," akasema Zuwena.

"Karibu, mdogo wangu," ukuta ukajibu. "Umefika salama?"

Ilikuwa siku ya kumi na moja tangu mgonjwa aanguke. Alikuwa hajaoshwa. Hajageuzwa upande. Maji alipewa na mtu aliyepita kwa bahati mbaya. Uji ulikuwa unapikwa, lakini ukoko umeshawahiwa, na mwenye ukoko alikuwa akiuacha uji uungue makusudi ili mali yake iwe nyingi. Na mtu wa kumpeleka kwa mganga wa mifupa hakuna, kwa sababu Bwana Chande hataki.

"Kwa nini hutaki, baba?" Bi Zuwena akamuuliza kwa upole, maana alikuwa bado anadhani anaongea na binadamu.

"Mama, fikiria mwenyewe," akasema Bwana Chande. "Mwenye mgonjwa ndiye atakayekaa mbele kwenye msiba. Ndiye atakayepewa pole na mji mzima. Kilio cha kwanza ni changu, hata kanzu nimeshaitia pasi. Sasa nimpeleke akapone, halafu nibaki na nini?"

"Utabaki na jirani!"

Bwana Chande akafikiri kidogo. "Majirani ninao wengine."

"Mimi namchukua dada yangu leo."

Watu wakavuta pumzi kama wameona mtu anavua nguo hadharani. Karani akamvuta kando, akamnong'oneza kwamba kuondoa kilichowahiwa ni wizi, na mwizi katika nchi ile huwahiwa yeye mwenyewe, vipande vipande, kama yule kuku. Kama ana dai, alipeleke barazani kesho asubuhi.

Asubuhi wakaenda. Mgonjwa alibebwa pamoja na kitanda chake, na wenye miguu minne walikibeba kila mmoja mguu wake tu, hakuna aliyemngoja mwenzake, hivyo kitanda kilikuwa kinakwenda kama kaa. Mwenye chandarua alifuata na chandarua. Mwenye mto alitembea ameinama. Kila kitanda kiliporuka, Bi Somoe alisema "ai!" na Bwana Chande, anayetembea pembeni, alijipangusa macho kwa mazoezi.

Barazani viti vyote vilikuwa vitupu na watu wote wamesimama, pamoja na Mwamuzi, mzee mpole ambaye kiti chake mwenyewe kiliwahiwa na mtu aliyekuwa safarini.

Bi Zuwena akasema lake. Huyu ni dada yangu, baba mmoja, mama mmoja, tumbo moja.

"Tumbo hilo mlikaa pamoja?" akauliza Mwamuzi.

"Pamoja vipi, mheshimiwa? Kwa zamu."

"Nani alitangulia?"

"Dada."

"Basi hata tumbo aliliwahi yeye." Mwamuzi akasikitika kwa dhati. "Udugu tunaujua, mama, nasi tuna ndugu. Lakini udugu si tamko. Ulipoingia kwa mgonjwa, ulitamka kwamba umemuwahi dada yako?"

Bi Zuwena akakitazama kidole chake.

"Karani, soma."

Karani Makombo akalamba kidole, akafungua. Akasoma kwa sauti ya kazi, bila ubaya: "Zuwena binti Fumo, mgeni. Neno la kwanza chumbani kwa mgonjwa: nimewahi. Kilichowahiwa: dele la shaba, moja, lina kovu."

Watu hawakucheka. Afadhali wangecheka. Wengine waliitikia kwa vichwa, wameridhika, mwenzao huyu, na hilo ndilo lililomchoma. Alikuwa amewashangaa tangu langoni, amejishika mdomo hata shavu linauma, na kitabuni jina lake liko mstari mmoja na wenye ukoko na wenye firigisi. Alitamani ardhi imuwahi.

"Basi Bwana Chande anabaki na mgonjwa wake," akasema Mwamuzi, "na wewe dele lako—"

"Ai!" akasema Bi Somoe kitandani. Mwenye mguu wa nyuma alikuwa amechoka akautua kabla ya wenzake.

Bi Zuwena akageuka. Akausikiliza ule "ai" unavyoisha. Hakuna mtu barazani aliyeuangalia ulikotoka. Wote walikuwa wameshika walivyoshika. Akasema, "Mheshimiwa, subiri. Karani, baba yangu, hebu nitazamie kitabuni. Hayo maumivu ya dada, yana mtu?"

Karani akapekua. Akarudi nyuma kurasa mbili. Akavua miwani, akaivaa. "Kitanda… mto… mgonjwa… viatu vya mgonjwa, kulia, kushoto… Maumivu hayana mtu."

"Mwaka jana?"

"Hata mwaka jana. Mama, tangu babu yangu anaandika kitabu hiki, hajatokea mtu."

Bi Zuwena akajikaza, akaenda hadi kitandani, akaweka kidole juu ya nyonga ya dada yake, taratibu kama mtu anayegusa chungu cha moto.

"Nimewahi maumivu."

Zogo lililozuka halijapata kutokea. Chama cha Kidole kilisema amenyoosha sawasawa na tena amegusa. Chama cha Mdomo kikasema ametamka wazi, mdomo mtupu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka thelathini vyama hivyo kukubaliana, na baadhi ya wazee walilia kwa kutojua wafanye nini mchana huo. Mwenye chandarua alikiachia. Mama mmoja alimziba mtoto wake masikio asisikie matusi.

"Maumivu yamesajiliwa," akasema Mwamuzi.

"Na sheria inasema mwenye mali anaweza kuichukua kwake saa yoyote, na anayemzuia ni mwizi. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Basi mimi nachukua maumivu yangu nakwenda nayo kwetu."

"Chukua, chukua!" Bwana Chande akaruka. "Chukua hata sasa hivi, mama, na Mungu akubariki. Niachie mgonjwa wangu tu."

"Sawa, baba. Nitolee."

Bwana Chande akatazama kitanda. Akazunguka huku, akazunguka kule. Akanyoosha mkono kuishika nyonga, na Bi Somoe, ambaye alikuwa hajachekeshwa siku kumi na mbili, akauelewa mchezo, akapiga ukelele uliowaamsha popo wa paa la baraza.

"Ananiharibia mali!" Bi Zuwena akapiga yowe. "Mashahidi, mmeona! Amenikwaruzia maumivu yangu, yalikuwa mazuri kabisa!"

Ikabidi Mwamuzi apige meza, ya mtu mwingine. Akasema jambo ni gumu. Akasema maumivu hayatoki bila nyonga, nyonga haitoki bila mgonjwa. Kisha akasema kwamba mwenye kitu kizima ana pumzi moja ya kutangulia kwenye kipande chake. "Bwana Chande. Ukisema sasa hivi kwamba na maumivu umeyawahi, yanakuwa yako, na shauri hili limekwisha."

Bwana Chande akanyoosha kidole. Akafungua mdomo. Bi Zuwena akauona ulimi umeshapanda kwenye meno.

Ulimi ukasita.

"Samahani, mheshimiwa," akasema Bwana Chande. "Mali ikilia, anaamka nani?"

"Mwenye mali."

"Kila ikilia?"

"Kila ikilia. Ndiyo sheria, hata kwa ng'ombe."

"Na ikitaka kugeuzwa? Kukandwa maji ya moto? Kupelekwa… nje?"

"Mwenye mali, Bwana Chande. Pumzi inakwisha."

Mdomo wa Bwana Chande ulibaki wazi, na baraza zima likautazama. Kisha ukafungwa. Katika nchi ile hawakuwa wamewahi kuona mdomo ukifunguliwa mbele ya kitu kisichowahiwa ukafungwa mtupu. Akakunja kitambaa chake cha machozi, akakitia mfukoni, akaondoka akiwa ameishika kanzu isipate mikunjo. Mwamuzi akakata shauri: mgonjwa ayafuate maumivu.

Wenye kitanda waliondoka na kitanda hapo hapo, miguu minne njia nne. Mwenye mto naye akavuta mto wake, akaomba radhi. Bi Zuwena alimfunga dada yake kwa kanga mbili, mishono anaijua, akambeba mgongoni hata langoni akiwa amejipinda kama mundu. Yule mwanamke mnene alikuwa anawangoja analia: kivuli chake kinakwenda nchi za watu! Bi Zuwena akakaa chini akasubiri jua lisimame utosini. Kisha akasema, "Haya mwanangu, kichukue. Kipo chini ya nyayo, inama." Mwanamke alipokuwa ameinama akitafuta, wao wakavuka.

Nyumbani, Bi Somoe alilazwa kwenye kitanda cha Bi Zuwena, na Bi Zuwena akalala kwenye mkeka. Majirani walikuja kwa heshima zao, na mmoja akashika hereni za mgonjwa kwa ncha za vidole akasema nzuri hizi, eti mjukuu wake zingempendeza siku moja, Mungu apishe mbali. Hakupaza sauti wala hakunyoosha kidole. Bi Zuwena alimmiminia chai, kisha akamfunika dada yake masikio kwa kanga.

Dele walikuja nalo, likakaa dirishani. Wiki tatu Bi Somoe hakunywa kahawa.

"Dada, kuhusu lile dele."

"Lipi? Hilo lako?"

Bi Zuwena akaenda kuchemsha maji ya kukanda.

Aliikanda nyonga asubuhi na jioni, akamgeuza, akamuosha, akampeleka nje, akamrudisha. Mwezi wa pili Bi Somoe akakaa mwenyewe. Wa tatu akasimama kwa kushika ukuta. Siku hiyo aliyosimama alikwenda hatua nne mpaka dirishani, akalichukua dele, akaligeuza akatazama lile kovu.

"Wewe ndiye uliyeliangusha," akasema.

"Wewe ndiye uliyelivuta."

"Hebu niwekee kahawa, nione kama bado linatoa ladha ya kahawa ya mama."

Wakanywa. Hawakuongea sana. Tangu hapo kila kunapopambazuka, kabla jogoo hajamaliza, nyumba nzima na nyumba ya pili husikia sauti ya kizee ikiita kutoka kitandani, imejaa ucheshi na uchokozi:

"We mwenye maumivu! Amka! Mali yako inakuita!"

Na Bi Zuwena, kwenye mkeka, anatafuta miwani yake kwa kupapasa, analaani kidogo, anainuka.